Babu yako alikuwa chifu, sawa. Lakini Mhindi wa dukani hakuwa mtu wake

Wiki hii imekuja tena. Mteja ameketi mbele yangu hapa ofisini Kisumu, amefungua bahasha ya plastiki, ametoa picha ya babu yake akiwa na kanzu na medali kifuani, halafu akaanza maneno ambayo siku hizi naweza kuyamalizia mwenyewe: "Wakili, babu alikuwa chifu. Yeye ndiye aliyempa Mhindi ile ploti ya sokoni. Mhindi alishaondoka zamani, kwa hiyo ploti ni yetu."

Nyuma ya picha kulikuwa na karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Ni leseni ya kukalia ploti kwa muda. Juu kuna muhuri wa DC, yaani mkuu wa wilaya, katikati kuna kodi ya mwaka kwa shilingi, na jina la babu liko chini kabisa, kwenye mstari wa mashahidi, kando yake alama ya dole gumba. Familia nzima imeitunza karatasi hii ikiamini kwamba inamthibitisha babu kuwa mwenye ploti. Kinachothibitishwa pale ni kwamba babu aliitwa kushuhudia.

Nimeeleza jambo hili mdomo ukakauka. Sasa naliandika, na mteja ajaye nitampa asome kwanza.

"Chifu alikuwa na amri juu ya kila aliyeishi katika lokesheni yake"

Hakuwa nayo. Chifu wa serikali ya Mwingereza alitawala wale ambao sheria iliwaita wenyeji. Sheria ya viongozi wa vijiji ya 1902, ile ya 1912 iliyofuata, na ile ya mabaraza ya kesi ya 1930, zote zilimpa kazi juu ya Waafrika wa eneo lake: amani, barabara, kodi, kesi za ng'ombe na mahari. Mhindi mwenye duka, Mgoa karani wa reli, Mzungu mchimba dhahabu, hao wote chifu aliweza kuwaamkia, kuwauzia mbuzi, hata kukosana nao. Kuwahukumu hakuweza. Kesi yao ilikwenda kwa hakimu wa serikali, na hakimu huyo mara nyingi alikuwa DC huyohuyo.

Watu hudhani mahakama za wakati ule ziliuliza kwanza jambo limetendeka wapi, kama tunavyouliza leo. Ziliuliza mshtakiwa ni mtu wa nani. Amri ilimfuata mtu hata akiwa ndani ya boma la mwingine. Ukilishika hilo, nusu ya maswali mnayoniletea yatajijibu yenyewe.

Na desturi hiyo haikuanzia Nyanza. Ilitoka Unguja. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani, na humo akakubali kwamba Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi ni balozi wao. Uingereza ikapata mkataba wake mwaka 1839, Ufaransa 1844. Pale ambapo Mzungu na mtu wa Sultani walishtakiana, kwa kawaida mshtaki alimfuata mshtakiwa kwa mkubwa wake. Sultani hakuona hasara kubwa, maana Wazungu walikuwa wachache na biashara yao ilimletea ushuru.

Ugomvi ukazuka kwa Wahindi, ambao walikuwa wengi na ndio waliokuwa na fedha. Sultani Majid alishikilia kwamba Mhindi aliyehamia Unguja miaka mingi, akaoa, akajenga, akaishi chini ya ulinzi wa Waarabu, ni mtu wake. Balozi wa Kiingereza, Rigby, alisema kila aliyetoka India iliyo chini ya Uingereza ni raia wa Uingereza, na mwaka 1860 akawafungua watumwa wa Wahindi kwa maelfu, kwa hoja kwamba raia wa Uingereza haruhusiwi kumiliki mtumwa. Wahindi wa Kutch wakabaki na kisingizio: nchi yao ilikuwa na mtawala wake, Rao, kwa hiyo wao si watu wa Malkia. Mwaka 1869 Rao mwenyewe akatangaza kwamba watu wake walioko Unguja wahesabiwe chini ya Uingereza. Mlango huo nao ukafungwa.

Sasa jiulize. Sultani aliyekuwa na manowari, mahakama za makadhi na mikataba iliyotiwa sahihi alishindwa kumshika Mhindi wa Forodhani. Kabaka wa Buganda, mwenye Mkataba wa 1900 mkononi, alipewa kuwatawala wenyeji wa Buganda tu, wageni wakabaki kwa serikali ya himaya. Chifu wa Yala au wa Kendu Bay angempata Mhindi huyo kwa njia gani?

Hapo ndipo mteja huniletea jina la Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na hapo nakubaliana naye nusu. Kabla ya Waingereza kuweka ofisa, Mumia pale Elureko, Mumias ya leo, alikuwa na sauti ya kweli juu ya wageni. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipiga kambi kwake, ikanunua chakula kwa ridhaa yake, ikapita kwa ridhaa yake. Msafiri Mwingereza Joseph Thomson alipitia hapo mwaka 1883, Askofu Hannington mwaka 1885. Mgeni aliyemkosea Nabongo hakuwa na wa kumkimbilia. Lakini Hobley, ofisa wa Kiingereza, alipokuja kukaa Mumias mwaka 1895 wageni walipata mkubwa wao, na huyo hakuwa Mumia. Cheo cha chifu mkuu alichopewa mwaka 1909 kilimwongezea jirani wa kutawala, na ndugu zake wakapelekwa nje ya Wanga, Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu, jambo ambalo bado linatiwa chumvi kwenye mazishi. Mgeni hata mmoja hakuongezewa.

Anayetaka kipimo kingine atazame dhahabu ya Kakamega. Wazungu walipomiminika huko kuanzia 1931, walichimba katikati ya mashamba ya watu, ndani ya rizavu, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, ambayo sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kuilinda. Sheria hiyo ilisema ardhi ikitolewa kwenye rizavu, nyingine yenye thamani sawa irudishwe, na baraza la wenyeji lishauriwe. Desemba 1932 ikarekebishwa haraka haraka: ardhi ya migodi ingeweza kuondolewa kwa fidia ya pesa, bila ardhi mbadala na bila kulipitisha kwenye baraza. Machifu walikuwepo wote, na medali zao. Mchimbaji hakuwa mtu wao, na sasa hata udongo chini ya mchimbaji ukawatoka.

Walioumia zaidi kwa utaratibu huu ni wale wageni wasio na mkubwa wa kuwatetea. Wanubi wa Kibos, hapo tu nje ya mji wetu, ni uzao wa askari wa Sudan walioletwa na Mwingereza mwenyewe. Hawakuwa watu wa chifu wa Kano. Hawakuwa Wazungu wala Wahindi. Rizavu hawakupewa, kwa kuwa rizavu ilikuwa ya makabila yaliyotambuliwa. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki zao, kwanza ya kuwa raia. Huo ulikuwa mwisho wa mstari ulioanzia kwenye swali la "mtu wa nani".

Kwa hiyo, mwenye bahasha: fanya upekuzi kwenye rejista ya ardhi kwanza, kabla ya kuniletea picha. Ukikuta ploti ilikuwa ya serikali na ilikodishwa, babu hakuwa na cha kumpa Mhindi, na asichokuwa nacho hukukirithi. Faili za zamani za mkoa wa Nyanza ziko nyaraka za taifa Nairobi, unasoma mwenyewe kwa siku moja, na ni bei nafuu kuliko ada yangu. Na mkumbuke kikomo cha miaka 12 cha kudai ardhi kortini. Huwa naitaja kila mara na kila mara naangaliwa kama niliyeitunga mimi.

"Tangu 1895 sote tulikuwa raia wa Malkia"

Hili huja na hasira, na hasira ina haki yake, ila ukweli ni mchungu zaidi ya dhana. Himaya haikuwa ardhi ya Uingereza kisheria. Ilikuwa nchi ya kigeni ambamo Uingereza ilijipa mamlaka, na wenyeji waliitwa watu walio chini ya ulinzi. Uraia ulikuwa kitu kingine.

Wamaasai waliligundua hilo kortini. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ukawaahidi Laikipia kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia. Ole Njogo na wenzake wakashtaki, wakisema wa kwanza bado upo na waliotia alama kwenye wa pili hawakuwa na uwezo wa kuwafunga wote. Mwaka 1913 mahakama ikajibu kwamba Wamaasai bado wana masalia ya enzi yao, wao si raia wa Mfalme, mikataba yao na serikali ni kama ya nchi mbili huru, na mahakama haina mamlaka ya kuichunguza. Kwa maneno mengine, mtu anafukuzwa kwake, anakwenda kulalamika, anaambiwa wewe ni taifa la kigeni. Nikiwasomea wateja hukumu hiyo hunyamaza, halafu huniuliza kama nimeitunga.

Mwaka 1920 himaya ikawa koloni, na mawakili wakadhani sasa wenyeji wamekuwa raia wenye haki za raia. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Barth akaamua, katika kesi ya Wakikuyu, kwamba ardhi yote ni ya Mfalme na wao ni wapangaji kwa hiari yake. Ulikuwa mgeni bila haki ya kortini, ukawa raia bila haki ya shamba.

"Basi angalau Wazungu walishtakiwa kwa sheria ileile"

Kitabu kilikuwa kimoja, kanuni ya adhabu ya India iliyoletwa mwaka 1897. Waliokuwa wakiamua ndio waliotofautiana. Mzungu alikuwa na haki ya juri, yaani watu wa kawaida wanaoamua kama ana hatia, na juri ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alipata jaji na wazee washauri ambao jaji hakulazimika kuwasikiliza, na Mhindi naye alinyimwa juri.

Mwaka 1911 Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alimpiga risasi mtu aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Juri ikamwachilia. Serikali, ikiona aibu London, ikamfukuza nchini kwa amri ya kiutawala kwa kuwa kortini haikuweza kitu. Mwaka 1923 ikaja kesi ya Nakuru ya Jasper Abraham wa Molo, aliyempiga mfanyakazi wake Kitosh, akamfunga kamba stoo, na Kitosh akafa usiku. Madaktari walikaa kubishana kama marehemu alikuwa ametaka kufa mwenyewe. Juri ikamtia hatiani kwa kuumiza vibaya tu, akapata miaka miwili. Wizara ya makoloni ilikasirika, na kanuni ya India ikaja kuondolewa. Kanuni ya adhabu ya 1930 mnayonukuliwa leo mnaposhtakiwa kwa kuku wa jirani imepita njia hiyo.

"Magharibi yetu ni ya Uganda, Amin alisema ukweli"

Februari 1976 Idi Amin alidai hivyo. Kweli, Kisumu na Nakuru zilikuwa mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901 ilifika Uganda. Lakini aliyehamisha mpaka alikuwa Mwingereza, akitoa mfuko wa kushoto kutia wa kulia. Kabaka hakuwahi kumhukumu Mluo. Kichekesho kiko kwetu: sheria yetu ya tume ya ardhi inahesabu dhuluma za kihistoria kuanzia 15 Juni 1895, tarehe ya himaya ya Afrika Mashariki, na siku hiyo eneo hili lilikuwa likitazamwa kutoka Uganda.

"Babu alizaliwa Kisumu 1935, kwa hiyo nina haki ya pasipoti ya Uingereza"

Huna. Aliyezaliwa kwenye koloni alihesabiwa raia wa Uingereza na makoloni yake kuanzia 1949. Tarehe 12 Desemba 1963 mtu aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akazaliwa Kenya, aligeuka Mkenya papo hapo na uraia ule wa kwanza ukamtoka. Waliobaki nao ni hasa Wahindi ambao wazazi wao walizaliwa kwingine, na walipewa miaka miwili kujiandikisha kuwa Wakenya. Wakala wa mtaani anayekudai elfu arobaini "kufungua faili London" kwa cheti cha babu, mwombe kwanza risiti yenye jina lake kamili.