Bastola mpya si lazima iwe tayari kufyatuliwa

“Imetoka kwenye boksi leo, uisafishe ya nini?” Kauli hiyo huisikii Mtwara peke yake, ila huku pwani ina madhara zaidi.

Mafuta mengi yanayopakwa kiwandani ni ya kuzuia kutu ghalani na safarini. Mengine ni mazito, hunasa vumbi na mchanga, na bastola ikaanza kukwama. Kwa hiyo, ukishapata kibali chako polisi, anza na kitabu cha maelekezo. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha vuta sehemu ya juu nyuma, utazame chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kuigusa kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine kabisa. Fungua, futa, pitisha kitambaa ndani ya mtutu mpaka uwe mkavu na uone mwanga upande wa pili; kizuizi kidogo tu humo chaweza kuupasua.

Halafu matone machache ya mafuta panaposuguana chuma na chuma. Si kuimwagia kama samaki wa kukaanga!

Tahadhari moja: bastola za Glock huja na kilainishi cha rangi ya shaba, na mtengenezaji anasema kisiondolewe.