Je, wajua kwa nini mchuzi wa kuku wa Kihindi hugoma kukolea nyumbani?

Viungo vyote vimenunuliwa Soko Kuu la Arusha, au Mbuyuni kwa walio Moshi: manjano, giligilani, bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini. Kuku kaoshwa, nyanya zimekatwa, kila kitu kimeingia sufuriani na maji juu yake. Saa moja baadaye kinachopakuliwa ni maji ya njano yenye minofu ndani. Kitunguu kinaelea, na ukilamba mwiko unga wa viungo unakwaruza koo. Mpishi anadhani aliweka viungo vichache, safari nyingine anaongeza vijiko viwili, na mchuzi unatoka mchungu kuliko wa kwanza.

Viungo havina kosa hapo. Kilichoharibu chakula ni maji kuingia mapema.

Sufuria yenye maji haiwezi kupata joto kupita kiwango cha maji kuchemka. Dar es Salaam kiwango hicho ni nyuzi 100. Arusha, iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni karibu 97. Kitunguu nacho huanza kupata rangi ya kahawia, na ule utamu mzito wa kukaangwa, joto linapokaribia nyuzi 140. Kwa hiyo ukichemsha kitunguu hata saa tatu kitalainika tu. Hakitakuwa kahawia, na mchuzi utabaki na ladha ya supu.

Sababu ya pili ni kwamba ladha na rangi za viungo vingi huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Koroga manjano kwenye glasi ya maji: baada ya muda unga unatuama chini. Koroga kwenye mafuta ya moto: mafuta yote yanageuka dhahabu. Ukali wa pilipili una tabia hiyohiyo, na harufu ya bizari nyembamba pia. Kiungo kilichotupwa kwenye maji hubaki unga unaoelea, ndiyo maana kinakwaruza. Mchuzi wa Kihindi, basi, hupikwa karibu wote kabla kuku hajaingia sufuriani. Kazi yenyewe ni kufukuza maji ya kitunguu na nyanya, kisha kukabidhi viungo kwa mafuta.

Kwa kuku mmoja wa kisasa wa kilo 1.2, aliyekatwa vipande 10 hadi 12 na kuvuliwa ngozi (ngozi ikichemkia kwenye rojo huwa kama mpira na huzuia viungo kufika kwenye nyama), andaa mafuta ya kupikia mililita 100, vitunguu maji vikubwa 3 vyenye uzito wa kama gramu 400, nyanya 4 zilizoiva sana, kitunguu saumu punje 8 na tangawizi kipande cha urefu wa vidole gumba viwili, vyote viwili vitwangwe pamoja. Viungo vizima: bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, iliki 4, karafuu 4, kijiti kimoja cha mdalasini. Viungo vya unga: giligilani kijiko 1 cha chakula, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili kijiko 1 cha chai au pungufu. Mwishoni utahitaji garam masala (mchanganyiko wa Kihindi wa viungo vya unga) kijiko 1 cha chai, mtindi mililita 150 na kotmiri. Chumvi ni kijiko 1 na nusu cha chai.

Tahadhari moja ukiwa sokoni. Neno bizari peke yake halitoshi. Muuzaji anaweza kukupimia bizari ya manjano, bizari ya pilau au ile ya mchuzi iliyokwisha kuchanganywa. Taja bizari nyembamba, zile mbegu ndefu za kijivu ambazo wengine huziita jira au uzile, na inunue nzima. Mbegu nzima huhifadhi harufu kwa miezi. Unga uliokaa wazi kwenye beseni juani umeshapoteza sehemu kubwa ya harufu yake kabla hujaulipia.

Pasha mafuta kwenye sufuria pana, tupia mbegu moja ya bizari. Ikitoa povu papo hapo, mafuta yako tayari. Ikizama kimya, subiri. Weka viungo vizima vyote, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, kisha kitunguu kifuate kabla mbegu hazijawa nyeusi.

Hapa kwenye kitunguu ndipo wengi hukosa subira, na hakuna hatua nyingine inayolipa kama hii. Karibu sehemu tisa katika kumi za kitunguu ni maji, na yote lazima yatoke kwanza. Dakika saba za mwanzo utasikia sauti ya maji yakichemka na kitunguu kitakuwa cheupe na laini. Wengi huamini kimeiva hapo na kumimina nyanya. Bado. Kwenye dakika ya 12 kingo zinaanza njano. Kati ya dakika 18 na 25, kwa moto wa wastani, kitunguu kinapungua hadi kama robo ya kilivyoingia na kuwa na rangi ya andazi lililoiva vizuri. Hiyo ndiyo rangi ya mchuzi wako. Nyanya na manjano haziwezi kuileta. Usifunike sufuria, maana mfuniko unarudisha mvuke ndani. Chumvi nusu kijiko ikitiwa mapema husaidia kuvuta maji yatoke. Kata vipande vyembamba vinavyolingana, la sivyo vyembamba vitaungua wakati vinene bado vibichi. Kitunguu chekundu cha Mang'ola kinafaa sana kwa kazi hii. Sufuria nyepesi ya alumini ikianza kushika chini, nyunyiza kijiko kimoja cha maji, kwangua kwa mwiko, endelea. Kikishakuwa cheusi ukali wake hautatoka tena. Mwaga uanze upya, gharama ya vitunguu vitatu ni ndogo kuliko ya kuku.

Na kwa nini nyanya isiingie pamoja na kitunguu? Zaidi ya maji yake, nyanya ina asidi, na asidi huimarisha kuta za kitunguu zisilainike. Kitunguu kilichokutana na nyanya kabla ya wakati huendelea kuonekana vipande vipande hata baada ya saa nzima jikoni. Kusaga kitunguu kibichi kwenye blenda ili kuokoa muda nako hakusaidii: kinatoa maji mengi zaidi, kinaruka nje ya sufuria na hubaki na harufu kali. Ukitaka rojo laini, kaanga kwanza, kisha saga.

Sasa weka saumu na tangawizi. Vinashika chini upesi, hivyo usiache kukoroga kwa dakika mbili, mpaka ile harufu kali ya saumu mbichi itulie. Viungo vya unga huungua upesi zaidi. Kwenye mafuta ya moto sana hata dakika moja huwa nyingi. Dawa ni kuvikoroga kwanza na vijiko vitatu vya maji hadi viwe uji mzito, ndipo uvimimine. Maji haya machache hayadhuru. Yanaulinda unga hadi yakauke, na yanapokauka mafuta yanakuwa yameshauingia. Kaanga dakika moja na nusu.

Nyanya zinafuata, zikiwa zimekunwa au kukatwa ndogondogo. Za Ngarenanyuki zikiwa zimeiva kabisa hazihitaji kitu. Zikiwa za maji sana, kama msimu wa mvua, ongeza kijiko cha chakula cha nyanya ya kopo. Ongeza moto kidogo, pika dakika 10 hadi 15.

Mapishi mengi husema "mpaka mafuta yajitenge" bila kueleza kinachotokea. Maji ya nyanya yakiwa bado yapo, matone ya mafuta yamenaswa katikati ya maji na nyuzi za mboga, na rojo huonekana kama uji. Maji yakishatoka, hakuna cha kuyashikilia mafuta; yanakimbilia pembeni, mekundu, kwa sababu rangi ya nyanya nayo huyeyuka ndani yake. Angalia kingo za sufuria: utaona mafuta yanang'aa. Vuta mwiko katikati: rojo linasogea lote kama donge moja na kuacha njia. Sikiliza pia, kwani sauti ya kububujika inageuka kuwa ya kukaanga. Ukiyaona haya matatu umemaliza sehemu ngumu. Ukiwa umetumia vijiko viwili tu vya mafuta hutaona yakijitenga hata rojo likiiva, hivyo ni afadhali uweke kipimo kamili, kisha uyaengue juu wakati wa kupakua.

Kuku aingie akiwa mkavu. Kuku anayechuruzika maji ya kuoshea anarudisha yale maji uliyoyafukuza kwa nusu saa. Mgeuzegeuze kwenye rojo kwa moto mkali dakika 6 hadi 8, nyama iwe nyeupe pande zote. Weka chumvi iliyobaki na kikombe kimoja cha maji ya moto, si ya bomba, kwa kuwa maji baridi husimamisha upishi kwa dakika kadhaa. Funika, punguza moto, dakika 25. Kwenye jiko la mkaa, kupunguza moto ni kufunga mlango wa hewa na kufunika mkaa kwa majivu kidogo.

Kuku wa kienyeji ana hesabu tofauti. Ametembea, misuli yake ina nyuzi ngumu zinazohitaji muda mrefu kulainika, na kwa nyuzi 95 za Arusha muda huo ni mrefu kuliko wa mapishi yaliyoandikwa pwani. (Hatua ya kukaanga haiguswi na mwinuko, kwa sababu mafuta hupata joto lilelile popote.) Mchemshe kwanza peke yake na chumvi na tangawizi kwa saa moja hadi saa moja na nusu, au dakika 20 hadi 25 kwenye sufuria la presha, kisha umuunge kwenye rojo na utumie supu yake badala ya maji. Ukimtia mbichi moja kwa moja, rojo litaungua kabla hajaiva.

Baki mtindi, ambao huwavunja wengi moyo kwa kukatika na kuwa chengachenga nyeupe. Protini za maziwa kwenye mtindi zimeshashikana kwa sababu ya asidi. Joto la ghafla linazikaza zaidi, zinakamua maji na kuwa punje. Mtindi usio na mafuta na ule uliotoka kwenye friji ndio unaokatika haraka, na asubuhi za Julai za Arusha hata wa kabatini ni wa baridi. Utoe saa moja kabla. Ukiwa mwepesi, uning'inize kwenye kitambaa safi uchuje. Upige kwa uma pamoja na kijiko kimoja cha chai cha unga wa dengu, kwani wanga wake huzizuia protini kushikana. Epua sufuria, changanya mtindi na vijiko viwili vya mchuzi wa moto, kisha uumimine kijiko kimoja kimoja huku unakoroga. Rudisha kwenye moto mdogo bila kuuacha uchemke kwa nguvu. Usiyeamini mkono wako, loweka korosho 15 kwenye maji ya moto nusu saa, zisage ziwe laini, uziweke badala ya mtindi. Zenyewe hazikatiki. Tui la nazi pia halina shida hiyo sana, ila hapo utakuwa unapika mchuzi wa pwani, mtamu kwa haki yake.

Garam masala na kotmiri viingie dakika mbili za mwisho, maana harufu zao hupotea na mvuke.

Na kama unasoma haya sufuria imeshakuwa maji ya njano? Toa vipande vya kuku uviweke pembeni. Acha mchuzi wazi kwenye moto mkali, ukikoroga, upungue hadi nusu. Kwenye kikaango kidogo pasha vijiko vitatu vya mafuta, kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba hadi kiwe kahawia, weka nusu kijiko cha bizari nyembamba nzima, epua, nyunyiza pilipili ya unga kidogo, na umimine vyote mara moja juu ya mchuzi. Mchuzi utalia na kurusha matone, kwa hiyo simama mbali kidogo. Rudisha kuku, funika dakika tano, ndipo uonje chumvi.