Kwa nini Mchina akisema "mto juu" anamaanisha roho kwatu?

Wachina wana misemo yao mifupi inaitwa chengyu, mingi ina maneno manne tu, na huu mmoja naupenda sana: gao zhen wu you. Juu, mto (wa kulalia), bila, wasiwasi. Yaani unainua mto wako unalala zako usingizi wa pono. Sasa huo mto ulitoka wapi?

Kisa kimo kwenye Zhanguo ce, mkusanyiko wa visa vya enzi ya Madola Yanayopigana (475–221 KK). Bwana Mengchang, mkubwa mmoja wa dola la Qi, alikuwa na wageni kibao wanaokula kwake bure. Akaja Feng Xuan, masikini wa kutupwa, akawa anapewa chakula cha hivihivi tu, jamaa akaegemea nguzo anagonga upanga wake anaimba: upanga wangu twende zetu, huku hakuna samaki! Akapewa samaki. Kaimba tena, hakuna gari, akapewa gari la farasi. Kaimba tena hana cha kumtunzia mama yake, mama naye akaanza kupelekewa chakula, ndo akanyamaza jumla.

Siku akatumwa Xue, mji uliokuwa chini ya Mengchang, kukusanya madeni, akauliza nikirudi nikununulie nini, bosi akasema chochote unachoona kwangu hakipo. Feng akafika, akaita wadaiwa, akachoma hati zote za madeni mbele yao, akarudi mikono mitupu eti nimekununulia wema. Bosi alinuna. Mwaka mmoja baadaye mfalme akamtimua Mengchang kazini, akarudi Xue, na watu, wazee kwa watoto, wakatoka kumpokea njiani.

Hapo Feng akamwambia: sungura mjanja ana mashimo matatu, wewe unalo moja, hawa watu wa Xue, bado hujafika pa kuinua mto. La pili, akaifanya nchi jirani imtake Mengchang kwa dhahabu na magari 100, mfalme wa Qi akashtuka akamrudisha kazini. La tatu, hekalu la mababu wa mfalme likajengwa Xue, kwa hiyo mfalme naye ikambidi aulinde mji huo. Haya, sasa lala.

Kwa hiyo huu sio ule utulivu wa zhi zu chang le, ajuaye kutosheka hufurahi daima. Huu ni utulivu wa mtu aliyejipanga, na mpaka leo Wachina wanautumia sana kwa kuonya: usidhani sasa unaweza kuinua mto.

Na Mengchang mwenyewe alipokufa, wanawe wakagombania urithi, dola la Qi na jirani yake Wei wakaungana wakaufuta mji wa Xue.