Je, wajua kwa nini swali la SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) lililojibiwa upesi jana linajikokota leo?

Swali ni lilelile, herufi kwa herufi. Seva ni ileile. Jana jibu lilikuja kufumba na kufumbua. Leo dakika nne zimepita na bado unakodolea macho skrini. Wa kwanza kulaumiwa huwa mtandao, wa pili seva, na kabla ya jioni kuna aliyekwisha kupendekeza inunuliwe seva kubwa zaidi. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa.

Kiini ni jambo ambalo hata wanaoandika SQL kila siku hulisahau: lugha hii husema kinachotakiwa, haisemi kipatikane vipi. Wazo la kumwondolea mtumiaji mzigo wa kujua data imehifadhiwaje lilitolewa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970. Sasa, lazima awepo wa kuamua jedwali lipi lisomwe kwanza na kwa njia ipi. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake, waliokuwa wakijenga mfumo wa System R hapohapo IBM, walieleza jinsi programu inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia kisha ikachagua iliyo nafuu. Hifadhidata kubwa za leo bado zinafuata wazo hilo. Sehemu inayofanya kazi hii nitaiita mpangaji, ingawa si yule wa kudaiwa kodi.

Mpangaji hahesabu, anakisia. Angehesabu mistari yote kabla ya kuchagua njia, angekuwa amefanya kazi yenyewe. Kwa hiyo hutegemea takwimu zilizokusanywa kabla: thamani zipi zimejaa kwenye safu fulani, na kwa kiwango gani. PostgreSQL, hifadhidata nitakayoitumia kwa mifano, hupata takwimu hizo kwa kuchota sampuli, kwa kawaida mistari 30,000, hata kama jedwali lina mamilioni.

Hapo ndipo jana na leo hutengana. Chukua jedwali la maagizo lenye mistari milioni 10. Usiku wa jana imeingizwa mistari mingine 900,000 yenye hali mpya, tuseme "limerejeshwa", ambayo haikuwahi kutumika. Kwa mipangilio ya kawaida, PostgreSQL hukusanya takwimu upya yenyewe pale mabadiliko yanapozidi asilimia 10 ya mistari, na nyongeza ya mistari 50. Laki tisa hazifiki. Asubuhi unaomba maagizo yaliyorejeshwa pamoja na majina ya wateja. Mpangaji anafungua takwimu zake, haoni "limerejeshwa" popote, anakisia kwamba utapatikana mstari mmoja hivi. Kwa mstari mmoja, njia nzuri ni kuuchukua na kwenda kumtafuta mteja wake kwenye jedwali la pili. Safari moja tu. Kumbe safari ni 900,000. Angejua ukweli, angelisoma jedwali la wateja mara moja, akalipanga kwenye kumbukumbu, akamaliza.

Dawa ya kisa hiki ni amri moja, ANALYZE, ikifuatiwa na jina la jedwali. Lakini usiipige kabla ya kujiridhisha kwamba huo ndio ugonjwa. Weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali, nawe utaonyeshwa kila hatua ikiwa na namba mbili: mistari iliyokisiwa na iliyopatikana kweli. Watu hukimbilia kutazama muda. Mimi hutazama kwanza pale namba hizo mbili zinapoachana, moja dhidi ya laki kadhaa, kwa sababu hapo ndipo mpangaji alipopotea. Hatua zinazojengwa juu yake zinarithi kosa. Angalia pia neno loops, yaani hatua imerudiwa mara ngapi: muda unaoandikwa ni wastani wa mzunguko mmoja, kwa hiyo hatua inayodai kutumia sehemu ndogo ya milisekunde, ikirudiwa mara 900,000, ndiyo inayokumaliza. Na tahadhari: amri hii hulitekeleza swali kweli. Ukiitanguliza mbele ya DELETE, data inafutika, isipokuwa umeifungia ndani ya muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kutenguliwa kwa pamoja, utakaoutengua kwa amri ya ROLLBACK.

Vipi kuhusu faharasa, orodha iliyopangwa inayoonyesha mstari upi uko wapi, ile ambayo kila mtu hushauri iongezwe? Husaidia sana unapotafuta mistari michache kati ya mingi. Ukihitaji nusu ya jedwali, kulisoma lote moja kwa moja ni nafuu kuliko kurukaruka, na mpangaji anayeipuuza faharasa hapo yuko sahihi. Wakati mwingine mwandishi ndiye amemfungia mlango. Ukitafuta maagizo ya mwaka 2024 kwa kuuchomoa mwaka ndani ya tarehe, faharasa ya kawaida ya tarehe haifai kitu, maana imepangwa kwa tarehe nzima. Andika kwamba tarehe ni kuanzia 2024-01-01 na ni kabla ya 2025-01-01, faharasa itafanya kazi.

Usidanganyike pia na swali "lililopona" ulipolirudia. Mara ya kwanza kurasa za data zilitoka kwenye diski, mara ya pili zilikuwa tayari kwenye kumbukumbu.

Kisha kuna swali lisilo na kosa lolote ila limesimama foleni. Linataka kubadilisha mstari ambao muamala mwingine umeushika kwa kufuli. Hapo EXPLAIN ya kawaida itakuonyesha njia safi kabisa, na ukishinda unaikodolea macho hutaona kitu. Tazama pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya yanayoendelea kwa sasa: kama swali lako linasubiri Lock (kufuli), mtafute mwenye kufuli. Si ajabu ukamkuta ni muamala ulioandikwa "idle in transaction", yaani uko wazi lakini haufanyi kitu, uliofunguliwa na mtu aliyebadilisha mstari mmoja, akasahau COMMIT, amri ya kuukamilisha, akaenda kula.