Tumbawe lililopauka si lazima liwe limekufa

Uganda haina bahari, kwa hiyo tumbawe zuri la kufugwa kwenye tangi la maji ya chumvi likifika Kampala limetoka mbali. Limekaa saa nyingi kwenye mfuko wa plastiki, joto likipanda na kushuka, na mara nyingi linafika limechoka. Mengi hufa mikononi mwa watu wenye haraka ya kuyaokoa, kwa sababu ya dhana potofu kama hizi.

Dhana: Likiwa jeupe, limekwisha.

Tumbawe ni mnyama. Sehemu kubwa ya rangi na chakula chake hutokana na mwani mdogo sana, zooksanthela, unaoishi ndani ya nyama yake. Joto au mwanga ukimzidi, huutoa mwani huo, na mifupa myeupe huonekana kupitia nyama iliyobaki. Zima taa, subiri usiku, kisha mulika kwa tochi hafifu. Ukiona utando mwembamba unaong'aa na minyiri imechomoza, liko hai. Pale ambapo mwani wa kijani umeshika kwenye mifupa mitupu, nyama haipo tena.

Dhana: Liweke chini ya taa kali lirudishe rangi.

Hapa ndipo mengi humalizwa. Mwani mchache uliobaki ukilemewa na mwanga hutoa sumu za oksijeni zinazounguza nyama. Anzia sakafuni mwa tangi, PAR (kipimo cha mwanga ambao mwani huutumia) 50 hadi 100, kisha ongeza mwanga kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita. Matumbawe yenye nyama nene kama Euphyllia na Acanthastrea yalishe mara mbili kwa wiki: zima pampu dakika 15, dondosha kwa sirinji chakula kilichosagwa, kiasi cha kumezwa tu. Kinachobaki kitoe, la sivyo kitaoza juu ya kidonda.

Dhana: Naitreti na fosfeti, virutubisho vilivyomo majini, ziwe sifuri.

Sifuri ni njaa. Tumbawe hufifia, na utando wa kahawia wenye mapovu hutanda juu ya mchanga. Lenga naitreti 2–10 mg/L na fosfeti 0.03–0.1 mg/L.

Dhana: Chumvi ni chumvi.

Ya mezani ni kloridi ya sodiamu, basi. Ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, imechanganyika na kaboneti na salfeti kwa uwiano usiofanana na wa bahari. Nunua chumvi maalumu ya matumbawe. Jerikeni la lita 20 huhitaji takribani gramu 700 hadi 760. Koroga hadi iyeyuke yote, kisha pima kwa rifraktomita (kifaa cha kupima chumvi), ifike 35 ppt, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji ya bomba yana klorini, hivyo yapitishe kwanza kwenye kichujio cha RO (chenye utando unaozuia chumvi) pamoja na resini, TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) isome 0.

Dhana: Kipimo kikishuka, kirudishe siku hiyo hiyo.

Ualkali, yaani kiasi cha kaboneti majini kinachopimwa kwa dKH, ukikaa 8 dKH bila kuyumba, matumbawe hujenga mifupa vizuri. Kuurusha kutoka 6 hadi 9 kwa siku moja huchubua ncha za Acropora, tumbawe lenye matawi. Gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu huongeza takribani 1 dKH kwa lita 100, na hiyo inatosha kwa siku. Soma paketi vizuri: poda ya kuumulia keki ina vitu vingine.

Dhana: Umeme ukikatika, tatizo ni taa.

Matumbawe huvumilia giza kwa siku moja au mbili. Maji yaliyosimama ni hatari zaidi, hasa Kampala, iliyo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari: hapa maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Mombasa. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na usilishe hadi umeme urudi.

Dhana: Kukata vipande ni kazi ya mkasi tu.

Nyama ikiendelea kumenyuka, okoa sehemu nzima: kata sentimita moja ndani yake, kisha gundisha kipande kwenye jiwe kwa gundi nzito ya sianoakrileti (aina ya "super glue"). Lakini Palythoa na Zoanthus, jamaa laini wa matumbawe, ni habari nyingine: baadhi yake zina palitoksini, sumu inayoweza kuua mtu. Vaa glavu na miwani, na kamwe usichemshe wala kusugua kwa maji moto jiwe lenye wanyama hao, kwa sababu mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.