Oyster card ni kitu gani, na pale kwenye mashine unanunua nini hasa

Shangazi yangu alikuja London mara ya kwanza, katoka Tanga, na siku ya pili tu akasema nataka kadi yangu mwenyewe ya treni, sitaki kila saa kulipiwa kama mtoto. Basi tukaenda stesheni nikamwachia mashine, mimi nimesimama nyuma yake. Kagusa skrini, kachagua kadi mpya, katumbukiza noti ya pauni 20, kadi ikadondoka kwenye kile kisanduku cha chini. Nikamwambia igusishe kwenye lile duara la njano tuone salio, ikatokea pauni 10. Kanigeukia: "Mwanangu, kumi nyingine iko wapi? Mashine imekula hela yangu?"

Haikula. Ila swali lake ndo swali la kila mgeni, na naona watu wengi wanaondoka pale wakiamini wameibiwa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba pale kwenye mashine unanunua vitu viwili kwa mpigo mmoja. Fikiria laini ya simu. Ukienda dukani unalipia laini, halafu unanunua vocha unaweka ndani, laini bila vocha haipigi na vocha bila laini huna pa kuiweka. Oyster, hiyo kadi ya kulipia nauli za London, ni hivyo hivyo, kuna bei ya kadi yenyewe, ile plastiki, na kuna salio ambalo ndo nauli yako. Bei ya plastiki kwa sasa ni pauni 10, hairudi. Kwa hiyo noti ya 20 ya shangazi iligawanyika katikati, kumi kadi, kumi salio.

Na haikuwa hivi toka mwanzo, ndo maana ukiuliza watu waliokaa hapa muda mrefu kila mtu atakwambia lake. Zamani ile hela ya kadi ilikuwa amana, pauni 5, ukirudisha kadi unarudishiwa. Baadaye wakaondoa hayo mambo ya amana, na Septemba 2022 ikawa pauni 7 na ukishalipa umelipa, halafu Septemba 2025 ikapanda kuwa 10. Kwa hiyo binamu yako akikwambia "utarudishiwa bwana" hakudanganyi, anakwambia ya wakati wake.

Ndugu zetu walioko Dubai hili wanalijua vizuri sana maana kadi yao ya Nol, ile ya rangi ya fedha, unailipia dirham 25 na ndani unakuta 19. Zile sita ni plastiki. Ni dhana ile ile, tofauti ni kwamba kule bei ya plastiki ni ndogo mtu hata haumii.

Sasa kadi yenyewe ni nini. Kwa nje ni plastiki ya bluu kama kadi ya benki, lakini ndani kuna chipu ndogo na waya mwembamba umezungushwa kama fremu, ndo antena. Haina betri. Ukiisogeza karibu na kisomaji, kisomaji ndo kinairushia umeme kwa mawimbi ya redio, chipu inaamka, wanaongea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, inalala tena. Ndo maana haina haja ya kuchomekwa popote, unaigusisha tu. Teknolojia hii London ilianza kutolewa kwa watu 2003, Hong Kong waliwatangulia na kadi yao ya Octopus mwaka 1997, na sisi watu wa pwani lazima tuone hili, mmoja kaita kadi yake pweza (Octopus) mwingine kaita chaza (Oyster)! Chaza kwa sababu ana gamba gumu na ndani kuna lulu, yaani kitu cha thamani kimefungiwa mahali salama.

Na hiyo lulu, yaani salio, kweli imo mle ndani. Hapa naomba usome taratibu maana ndo panapoeleza mengine yote. Kadi ya benki ukiigusisha getini haibebi hela, inatoa namba tu, hesabu zinafanyika baadaye kwenye kompyuta za huko ofisini. Oyster ni kinyume, salio limeandikwa kwenye chipu yenyewe na kila ukigusisha linafutwa linaandikwa upya. Kwa hiyo unapoongeza salio kwenye mashine kuna hatua mbili za kugusisha, mwanzo ili mashine ijue ni kadi gani, na mwisho baada ya kulipa ili iandike hela mpya ndani. Nimeona watu wanalipa, risiti inatoka, wanachomoka mbio treni inaingia, hawajagusisha mara ya pili. Hela imekatwa, kadi haina kitu, geti halifunguki. Subiri mpaka skrini ikuonyeshe salio jipya ndo uondoke, hata kama treni inapiga kengele, itakuja nyingine baada ya dakika mbili tatu.

Lugha ya kwenye skrini unaweza kubadilisha, Kiarabu kimo, Kifaransa kimo, Kiswahili sijakiona. Ukilipa keshi angalia kwanza maana mashine nyingine zinakubali kadi za benki tu.

Kwenye safari sasa. Treni unagusisha unapoingia na unapotoka, zote mbili, kwa sababu nauli inategemea kanda, katikati ya mji ni kanda ya 1 halafu miduara inapanuka kwenda nje, na mfumo haujui umeishia wapi mpaka ugusishe ukitoka. Usipogusisha unakatwa nauli ya juu kabisa. Kuna stesheni hazina mageti, unashuka unajikuta barabarani, kile kisomaji kipo pembeni kwenye nguzo na hakuna wa kukukumbusha, hapo ndo wageni wengi wanaumia na mimi nasikitika sana kila nikisikia maana hela ya watu inaenda bure. Basi ni tofauti, unagusisha ukipanda tu, ukishuka usiguse kitu, nauli ni moja hata uende wapi, Machi 2023 ilipanda kuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja toka ulipogusisha mara ya kwanza unaweza kupanda mabasi mengine bila kukatwa tena. Pia kuna kikomo cha siku, ukishafika kiasi fulani safari zinazobaki hazikatwi, mfumo unajumlisha wenyewe.

Watu wananiuliza, kama kadi ya benki ya kugusisha inafanya kazi kwenye geti na nauli ya mtu mzima ni ile ile, kwa nini nitupe pauni 10 kwa plastiki? Kwa kweli kama una kadi ya benki ya hapa, usinunue, hela yako iweke kwa mambo mengine. Lakini shangazi kadi yake ni ya benki ya Tanzania na wageni wengi benki zao zinawakata tozo ya miamala ya nje, hapo Oyster inaanza kuwa na maana. Na kadi moja ni mtu mmoja kwa safari, huwezi kugusisha ukapita halafu ukampa mwenzako nyuma naye apite, kwa hiyo mume na mke wenye kadi moja ya benki lazima mmoja atafute kadi nyingine. Watoto chini ya miaka 11 wanapita bure kwenye Tube, yaani treni za chini ya ardhi, wakiwa na mtu mzima, mpaka wanne, usiwanunulie.

Nikifikiria kwa nini kwetu hizi kadi zinasuasua, mashine sioni kama ndo tatizo. Nairobi 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kugusisha kwenye matatu, ilipofika Machi 2015 ikafungwa, kwa sababu keshi ilibaki inakubalika na kondakta na abiria wote waliizoea. London mabasi yaliacha kabisa kupokea keshi Julai 2014. Dereva hana hata droo ya chenji. Mtu hanunui laini kama jirani bado anamkopesha simu bure.

Tulipofika geti lenyewe shangazi kashika kadi kwa mikono miwili kama cheti, kaigusisha, milango ikafunguka, kapita, halafu akasimama pale pale katikati kunisubiri watu wa nyuma wakaanza kuguna, nikamwambia songa shangazi, songa. Jioni tulipita kwenye mashine akataka aone mwenyewe hesabu, kagusisha, skrini ikaonyesha safari za siku moja moja na kila moja ilikatwa kiasi gani. Kazisoma zote. "Sawa," akasema, "sasa naona kumi yangu ilikokwenda."

Alivyoondoka ilibaki pauni 4 na kitu. Salio dogo kama hilo unaweza kurudishiwa kwenye mashine ya stesheni lakini kadi inafungwa, na salio la Oyster haliishi muda wake, kwa hiyo nikamshauri aiache kama ilivyo. Kaitia kwenye pochi, upande mmoja na laini yake ya nyumbani, kasema binti yake akija mwakani ataanzia hapo, yeye ataongeza vocha tu.