Victoria ni sinia, Tanganyika ni mtungi

Dhana: Ziwa Victoria ndilo pana kuliko yote Afrika, basi ndilo lenye maji mengi zaidi.

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba si kweli, atakufungulia ramani. Lakini ramani huonyesha upana tu. Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, zaidi ya maradufu ya Tanganyika, ila limetandazwa kama sinia: penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Tanganyika ni mtungi, linashuka hadi mita 1,470. Ukipima ujazo, Tanganyika lina takriban kilomita za ujazo 18,900, Victoria 2,750. Karibu mara saba! Kati ya maziwa ya maji baridi duniani, Baikal la Urusi pekee ndilo linalolizidi. Tena maji mengi ya Victoria hayaletwi na mito. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi angani kama mvuke bila kutoka na Nile pale Jinja.

Dhana: Maji yamefunika zaidi ya theluthi mbili ya dunia, ya kunywa hayawezi kuwa haba.

Katika kila lita 100, kama 97 ni za chumvi. Hizo chache za maji baridi, zaidi ya theluthi mbili yake ni barafu, karibu yote Antaktika na Greenland.

Na ile ya Kilimanjaro, ikiisha Moshi itakauka? Barafu yake ni kidogo mno. Chemchemi na mifereji ya Wachaga hutegemea hasa mvua ya msitu wa mlimani, na msitu huo una adui mwingine, anaitwa msumeno.

Dhana: Maji baridi yasiyoganda yako mitoni.

Hata kidogo. Mito yote kwa pamoja, Kongo na Amazon ikiwemo, hubeba kilomita za ujazo 2,000 hivi kwa wakati mmoja. Mvuke ulio angani unaizidi mara sita. Karibu yote yaliyobaki yako chini ya ardhi, wala si mto uliojificha gizani kama wanavyosimulia baadhi ya watafuta visima. Yamejaa kwenye vitundu vya mchanga na nyufa za miamba, yakisogea polepole. Mvua ya vilima vya Chyulu, Kenya, hunywewa na miamba ya volkano, ikaibukia chemchemi za Mzima, na kutoka hapo bomba huyapeleka maji Mombasa.